Mzee wa Miaka Kumi na Minane

"Usikate!"

Mkasi ulikuwa umeshafunguka. Makali yake yalishagusa ukingo wa kile kitambaa cheusi, kitambaa kizito cha suti ambacho kaka wa kijana anayepimwa alikinunua kwa kujinyima. Fundi akainua macho.

"Unasemaje?"

"Nasema usikate. Weka mkasi chini, tafadhali."

"Kitinda, usinitanie leo. Nina gauni la mama mmoja ambaye kila wiki ananenepa, na kila wiki ananiambia mimi ndiye niliyekosea vipimo. Nyoosha mkono nimalizie, nikate, uende zako."

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Misheni. Siendi. Yaani... siendi sasa hivi."

Ngoja niwapange kidogo hapa kabla hamjachanganyikiwa. Huyu fundi ni binti wa miaka kumi na tisa, anashona katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake, dirisha likitazama barabara. Jina la kuzaliwa analo, ila mtaani wanamwita Sindano, na msidhani ni kwa ajili ya cherehani. Ni kwa ajili ya mdomo. Kijana aliyesimama mbele yake mikono imetanuka ndiye mpenzi wake, kitinda mimba wa mama mjane, ndiyo maana dunia nzima inamwita Kitinda. Wote wawili wanasali kanisa moja, lile la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao majirani huwaita Wamormoni. Huko vijana wa kiume hutumwa misheni miaka miwili. Shati jeupe, tai, beji kifuani, wawili wawili, mlango kwa mlango. Hakuna kuchumbia, na nyumbani unapiga simu mara moja kwa wiki. Na kila kijana aliyeko huko, hata kama kidevu chake ni laini kama cha mtoto mchanga, huitwa Mzee.

Zamani walikwenda wakitimiza kumi na tisa. Siku hizi kumi na nane inatosha, na Kitinda alikuwa ameitimiza mwezi uliopita.

"Inatosha kwa nani?" mama yake aliuliza siku ile ile ya kuzaliwa, kisu cha keki mkononi. "Kaka yako alikwenda na kumi na tisa, na ule mwaka mmoja alioshinda gereji anatukanwa na wateja, ndio uliomkomaza. Wewe je? Mzee gani wa miaka kumi na minane hajui pasi inashikwa upande gani?"

Watu walicheka. Kitinda naye alicheka, lakini aliona aibu. Kweli pasi alikuwa haijui.

Ila Sindano yeye alikuwa na msimamo wake, na alishautamka zamani, pale pale kwenye kizingiti cha chumba cha kushonea: "Mimi siolewi na mwanamume ambaye hajaenda misheni akarudi. Ukitaka kuniona na shela, kwanza nikuone na beji." Kitinda aliitikia kwa kichwa siku hiyo. Mpango ukawa huo: aende, arudi, waoane.

Sasa leo anasema usikate.

"Jana si ulikuwa na mahojiano ya misheni na baba, askofu wako?" Sindano aliuliza.

"Ndiyo."

"Kakwambia nini?"

"Basi tu... itabidi nisubiri kwanza."

Mkasi ukawekwa mezani taratibu. Lazima mjue kwamba kule kanisani, kijana akiambiwa asubiri, watu hawaulizi kwa nini. Wanauliza na nani.

"Umefanya nini, Kitinda?"

"Sijafanya kitu."

"Na nani?"

"Jamani, Sindano! Na hakuna mtu."

"Askofu hamwambii kijana asubiri bure bure. Namjua askofu, nakula naye meza moja. Sema."

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi?"

"Naomba unipe muda tu."

"Muda ninao, wa kushona gauni. Mlango huo hapo."

Kitinda akatoka. Sindano alikikunja kile kitambaa kwa hasira mpaka kikawa kama mto, akakisukumia juu ya kabati.

Jioni hiyo akaenda jikoni. Miguu ya baba yake ilikuwa imejitokeza chini ya sinki, mwili mzima umo ndani. Msidhani askofu wa kule ana kofia ndefu na fimbo ya dhahabu. Askofu wao ni mtu wa kawaida aliyeitwa kusimamia waumini kwa miaka kadhaa, halipwi chochote. Jumatatu mpaka Jumamosi baba huyu ni fundi bomba, na bomba la nyumbani kwake ndilo hutengenezwa la mwisho.

"Baba."

"Nipe spana. Siyo hiyo, ile ndogo."

"Umemfanya nini kijana wa watu?"

Tone moja likaanguka kwenye ndoo.

"Baba, nakuuliza."

"Unamuuliza nani? Fundi bomba au askofu?"

"Namuuliza baba yangu mzazi."

"Baba yako mzazi hakuwepo kwenye kile chumba. Aliyekuwepo ni askofu, na askofu hana mdomo."

"Basi niambie kitu kimoja tu. Kuna msichana mwingine? Usiongee. Tikisa mguu. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

Miguu ikatulia kimya, hata kidole hakikucheza.

"Baba!"

"Mwanangu, hata angekuwa mama yako aliyekaa kwenye kile kiti, nisingesema. Katika nyumba hii kinachovuja ni bomba peke yake. Mwenye maneno yupo, ana miguu, ana simu. Muulize yeye. Ila ukimuuliza, uwe tayari kusikiliza mpaka mwisho, maana wewe kusikiliza nusu ndio ugonjwa wako."

Sindano akaondoka akinung'unika. Siku ya pili yake simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Mama Kwaya, yule anayeongoza nyimbo kanisani na anayejua kila kitu cha kila mtu.

*Mwanangu pole sana. Tumesikia habari za kijana wako. Vijana ndivyo walivyo. Mshukuru Mungu umejua mapema.*

Sindano akaandika: *Nimejua nini mama?*

*Mimi simo mwanangu. Ila wengine wanasema ana mtu wa pembeni. Na wengine, Mungu awasamehe, wanasema mtu mwenyewe ni wewe. Nimewaambia hapana, binti wa Askofu hawezi. Lakini si unajua watu, lisemwalo lipo.*

Sindano akampigia Kitinda hapo hapo.

"Haloo?" Sauti ya mama mtu.

"Shikamoo mama. Naomba Kitinda."

"Marahaba mwanangu. Simu kaiacha mezani, yeye yuko uani anafua."

"Anafua nini?"

"Nguo zake! Nami nimeshangaa kama wewe. Tangu Jumapili mtoto haambiliki. Kadeki, kafua, jana kapika wali. Ulikuwa mbichi juu na umeungua chini, lakini kapika. Nikimwambia lete nikusaidie, ananiambia, mama niache nijifunze. Kwani ananifukuza?"

"Sijui, mama."

Mama akashusha sauti. Sindano akausikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Mwanangu, nikuulize kitu, na usinifiche. Mimi ni mzazi, nimeona mengi. Una mimba?"

"Mama!"

"Sikuhukumu! Mjukuu ni mjukuu. Ila mtoto wa kiume hajawahi kuosha hata kijiko, ghafla anafua, anapika, haendi misheni. Kuna nini kingine kama si mtoto njiani?"

"Mama, sina mimba! Ningeipata wapi? Mwanao akinishika mkono tu anatoka jasho!"

"Aaa. Basi vizuri." Mama akapumua. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Sasa kama si wewe, ni nani?"

Swali hilo ndilo lililomwinua Sindano kitini. Alifunga dirisha, akafunga mlango, akaenda kwa miguu mpaka kwao Kitinda, njia nzima akipanga maneno. Na maneno yake mnayajua.

Alimkuta uani, mikono ya shati imekunjwa, povu mpaka kwenye viwiko. Kwenye kamba yalikuwa yananing'inia mashati yake yote ya kanisani. Yalikuwa meupe. Sasa yalikuwa na rangi ya waridi, maana alikuwa ameyaloweka pamoja na soksi nyekundu.

"Mama yako kaniuliza kama nina mimba," Sindano alisema.

Vibanio vya nguo vikamponyoka Kitinda mkononi.

"Kakuuliza nini?"

"Mama Kwaya anataka kujua ni mimi au ni mwingine. Na mimi nataka kujua huyo mwingine ni yupi. Leo sitoki hapa."

"Hakuna mwingine. Naapa."

"Basi baba kakukatalia kwa lipi?"

"Hakunikatalia. Mimi ndiye niliyeomba kusubiri."

Sindano alikuwa ameshafungua mdomo ajibu. Akakumbuka maneno ya baba yake kuhusu kusikiliza nusu. Akaufunga.

"Haya," alisema. "Sema. Nasikiliza."

Kitinda akajifuta mikono kwenye suruali, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Aliniuliza maswali yale ya kawaida, nikayajibu vizuri. Halafu akaweka kalamu chini. Akaniuliza, kwa nini unataka kwenda? Nikamjibu."

"Ulijibu nini?"

"Kwamba binti yako amesema haolewi na mwanamume ambaye hajatoka misheni."

"Ulimwambia hivyo baba yangu?"

"Ndiyo."

"Usoni?"

"Sasa ningemwambia wapi? Kwenye mahojiano hudanganyi, Sindano. Niliuliza moyo wangu kwa nini, ukaniletea jibu hilo, nikalitoa."

Sindano alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu. Akasemaje?"

"Alinitazama mpaka nikadhani atanipiga. Kisha akasema, 'Mwanangu, hiyo ni sababu ya kuleta posa. Siyo sababu ya kwenda misheni.'"

Kicheko kilitaka kumtoka Sindano, lakini alipoona macho ya Kitinda kikarudi kilikotoka.

"Halafu akaniambia, tuseme uko huko. Mvua inanyesha, mwenzako kakununia, kila mlango wamewafungia. Na siku hiyo hiyo unapata ujumbe kwamba binti yangu kachumbiwa na mtu mwingine. Kesho yake asubuhi utaamka kwa ajili ya nini? Nilikaa pale nikitafuta jibu. Nilitafuta kweli. Sikuwa nalo. Ndipo nikamwambia, Askofu, naomba nisubiri."

"Kwa nini usiniambie siku ile?"

"Ningekwambiaje? Nikikwambia ni kwa sababu yako, utajilaumu. Nikikwambia bado mimi ni mtoto, utaniacha. Nikaona bora ninyamaze."

"Na watu wanasema una mwanamke!"

"Waache waseme. Mimi najua sina."

Aliokota vibanio kimoja kimoja, akavipanga kwenye paja lake. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka.

"Kufua nitajifunza. Hii ni soksi tu imeniponza. Wali nao utaiva siku moja. Lakini kuna jambo sijui, Sindano. Sijui kama ninachokiamini ni changu, au ni cha mama, au ni cha kaka, au ni chako wewe. Nikienda nataka niende na cha kwangu. Inaweza kuwa mwakani. Inaweza isiwe kabisa. Sasa na mimi nikuulize. Nisipokwenda, utaniacha?"

Hapo ndipo ilipokuwa roho ya jambo lote. Kijana alijua kabisa anachoweza kukipoteza, na bado aliuliza.

"Sijui," alisema Sindano. "Sijui, Kitinda."

Akageuka kuondoka. Dirisha la jikoni likafunguka, kichwa cha mama kikachomoza. Ni wazi kilikuwa hapo tangu mwanzo.

"Mwanangu, chai ipo!"

"Siku nyingine, mama."

Wiki hiyo cherehani ililia peke yake, mwenyewe hakuimba. Sindano alifikiri. Tangu utotoni alikuwa na ndoto moja: amesimama kwenye lango la wasafiri na maua, mpenzi wake anarudi na begi, beji ingali kifuani, watu wanapiga makofi. Katika ndoto ile hakuwahi kuona mtu mwenyewe ana mawazo gani. Aliona beji. Alidhani mwanamume akirudi misheni anakuwa ametengenezwa tayari, kama cherehani iliyotoka kwa fundi, wewe kazi yako ni kutia uzi tu.

Na huyu wake alikuwa na vyote mkononi. Kitambaa kipo, umri umetimia, askofu yuko mbele yake na kalamu. Alichotakiwa ni kusema uongo mmoja mdogo, mtakatifu kabisa, ule ambao pengine vijana wengine husema bila kujua ni uongo. Angepata suti, angepata beji, angempata yeye. Akasema kweli, akabaki na ndoo ya mashati ya waridi.

"Kama huyu ni mtoto," Sindano aliiambia cherehani, "basi wakubwa wako wapi?"

Jumapili ikafika. Kanisani kwao kuna meza ndogo mbele, yenye mkate na maji chini ya kitambaa cheupe. Vijana ndio hukaa hapo, humega mkate, hupiga magoti na kuubariki kwa ajili ya wote. Kijana mwenye dhambi nzito iliyojificha hakai pale, na mkate ukipitishwa haugusi. Kwa hiyo umbea wote wa wiki nzima ulikuwa na mahali pa kupimiwa. Wewe tazama meza tu.

Mama Kwaya aliwahi mapema siku hiyo, akachukua kiti chenye upeo mzuri.

Kitinda aliingia na mama yake. Shati lake lilikuwa la rangi ya waridi, limepigwa pasi na mtu ambaye bado hajaelewana na pasi, kola moja imelala na nyingine imesimama. Minong'ono ikapita kwenye viti. Akamkalisha mama yake. Kila mtu akangoja aketi naye.

Hakuketi. Alitembea mpaka mbele, akakaa kwenye meza.

Wimbo ukaimbwa, mkate ukamegwa, akapiga magoti. Sasa sala ile haina kubahatisha. Inasomwa neno kwa neno, na ukikosea hata kidogo askofu anakuashiria urudie, mbele ya watu wote. Kitinda akaanza. Mstari wa pili akateleza. Akakwama. Mtoto mmoja akalialia nyuma.

Mjane yule aliinamisha kichwa. Sindano aliukamata ukingo wa kiti chake mpaka vidole vikamuuma. Moyoni alikuwa anasema, baki, Kitinda, usikimbie, baki hapo hapo.

Kitinda akainua macho kwa Askofu. Askofu, fundi bomba yule, akatikisa kichwa taratibu: anza tena.

Akaanza tena. Polepole safari hii, kila neno peke yake, kama mtu anayeokota vibanio. Akafika mwisho. Askofu akaitikia kwa kichwa, na mkate ukaanza kupitishwa.

Ulipomfikia Mama Kwaya, aliuchukua huku akitazama mapajani mwake. Baada ya ibada alijikusanya, akamsogelea Sindano kwenye ujia.

"Mimi nilisema tangu mwanzo yule ni kijana safi. Lakini lile shati, mwanangu! Kweli jamani?"

"Lile shati kalifua mwenyewe, mama," Sindano alijibu kwa adabu zote. "Mengine humu yamefuliwa na mama zao."

Akampita, akamkuta Kitinda nje kwenye ngazi.

"Niulize tena," alimwambia.

"Nikuulize nini?"

"Lile swali la uani. Niulize."

Kitinda akamgeukia.

"Nisipokwenda misheni, utaniacha?"

"Hapana."

"Hata nisipokwenda kabisa?"

"Hata usipokwenda kabisa. Ila ukienda kwa sababu yangu, nitakuacha siku hiyo hiyo. Na nisamehe. Nilikuwekea sharti mimi, nikadhani ni la Mungu."

Kitinda alimshika mkono tu, na kweli, alitoka jasho.

Basi Kitinda akatafuta kazi, akaipata kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja kubwa. Asiyejua sabuni akapelekwa penye mlima wa mashuka! Wiki za kwanza alirudi nyumbani vidole vimekunjamana. Msimamizi wake alikuwa na maneno makali kuliko Sindano, na hilo si jambo dogo. Mama yake alipomwonea huruma akataka kumfulia zake, alikataa, na siku moja akazichukua za mama pia akazifua. Zilirudi na rangi zake zile zile. Mwaka ukaenda hivyo, jioni akipita kwenye chumba cha kushonea, anakaa kwenye kigoda, wanaongea mpaka wateja wanawakoholea.

Jioni moja alikuja akasimama mlangoni, hakuketi.

"Kile kitambaa bado kipo?"

Sindano akaacha kukanyaga cherehani. "Kipo juu ya kabati. Kwa nini?"

"Kishushe. Ukate."

Hakukishusha kwanza. Alikunja mikono.

"Sababu?"

"Unamkumbuka yule baba wa pasi pale kazini? Yule mkubwa, mnyamavu?"

"Aliyefiwa na mkewe."

"Huyo. Watu wote walimpa pole, wakachoka, wakarudi kazini. Leo tulikuwa wawili tu kwenye meza ya mashuka. Akaniuliza, wewe unayesali, hebu niambie, mke wangu yuko wapi sasa? Sindano, mimi nilidhani nitajikanyaga. Nikamwambia ninachokiamini. Kwamba kaburi halivunji nyumba ya mtu. Kwamba atamwona, na atamjua, na ataitwa mume wake. Maneno yalitoka yenyewe, na wakati yanatoka nikajua ni yangu. Hakuna aliyenituma. Akalia. Halafu tukapiga pasi pamoja mpaka mwisho wa zamu." Akavuta pumzi. "Wako wengi kama yeye. Nataka niwafuate."

Kulikuwa na swali moja limebaki, na Sindano si mtu wa kulala na swali.

"Na ukiwa huko, mvua inanyesha, nikakuandikia nimechumbiwa?"

"Nitalia bafuni," Kitinda alisema bila kusita. "Nitafungulia maji ili mwenzangu asinisikie. Halafu nitanawa uso, nitavaa shati, nitoke. Maana atakuwa ananingoja mlangoni, na kuna mtu mahali fulani anangoja kuulizwa hali."

Sindano akageukia kabati haraka, akajifanya anatafuta kiti cha kupandia. Aliposhusha kitambaa, alipangusa macho kwa ukingo wake.

"Vumbi hilo," alisema.

"Najua."

"Nyoosha mkono."

Akampima. Mkono, kiuno, mabega. Alipofika mabegani akasimama, akapima tena, akaangalia zile namba za chaki za mwaka jana ambazo bado zilikuwa nyuma ya mlango.

"Umetanuka. Hizi namba hazikufai hata moja. Ningekata siku ile, suti ingekupasukia mgongoni."

"Ndiyo maana nilikwambia usikate."

"Muongo wee! Ulijuaje?"

Wakacheka mpaka mpita njia akachungulia dirishani. Kisha Sindano akachukua mkasi, na safari hii hakuna aliyemzuia.

Siku ya kuondoka, mama yake Kitinda alimnyooshea tai, akaitazama ile suti, akautazama ule mkunjo wa pasi ulionyooka kama mstari wa rula. Kila mtu alingoja atanie kama kawaida yake.

"Haya, Mzee," alisema. "Nenda." Na hakucheka.

Miaka miwili si mchezo. Mvua ilinyesha, milango ilifungwa, mwenzake mmoja alinuna miezi mitatu. Yote hayo aliyaandika, na Sindano aliyajibu, na habari ya kuchumbiwa haikuandikwa kamwe, ingawa wapo waliogonga mlango wa fundi bomba wakaambiwa binti ana kazi nyingi.

Na sikilizeni sasa jinsi alivyorudi. Ile ndoto ya lango la wasafiri, maua na makofi, ilitimia, lakini hiyo siyo niliyotaka kuwaambia. Niliyotaka kuwaambia ni ya siku chache baadaye, jikoni kwa Askofu. Sinki lilikuwa linavuja tena. Miguu ilikuwa imejitokeza, mwili umo ndani.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, Askofu."

"Aa, Mzee! Nipe spana hapo. Ile ndogo." Spana ikapokelewa. "Umekuja na jambo?"

"Ndiyo, baba. Nimeleta ile sababu yangu ya kwanza."

Chini ya sinki tone likaanguka, kisha jingine.

"Hiyo," sauti ilisema hatimaye, "hailetwi na mtu mmoja. Nenda kamlete mama yako."

"Yuko mlangoni."

"Ameshika nini?"

"Nimeshika kiuno, nimesimama hapa mpaka miguu imekufa ganzi!" mama alipaza sauti toka nje. "Tufungulieni jamani, kwani posa inapangiwa foleni?"

Ile miguu ikaanza kutikisika kwa kicheko. Na katika chumba cha mbele, Sindano, aliyekuwa amesikia kila neno, alikuwa ameshatandaza mezani kitambaa cheupe cha shela. Hakungoja kuulizwa, wala hakungoja kuambiwa. Alifungua mkasi, akakata.